Lita Mbili

Bi Kidawa alikuwa amekunywa lita mbili za maji, na sasa hakuthubutu hata kukaa. Mwaka jana, kwenye kipimo cha juu ya tumbo kilichoonyesha uvimbe kwenye ovari, walimtaka aje na kibofu kilichojaa. Leo wifi yake, Shemsa, alisimamia kila gilasi.

"Usinichekeshe, wifi. Nikicheka tutaaibika."

"Kwani mimi nimesema nini?"

Daktari alipomwita, akaona alivyobana mapaja. "Pole, mama. Mashine mpya inapima kwa ndani, karibu kabisa na ovari. Inataka kibofu kitupu."

Bi Kidawa akamkata wifi yake jicho, kisha akatimua mbio chooni.

Aliporudi, akapanda kitandani, Shemsa akasimama miguuni pake na kumshika mguu. Uvimbe ukatokea kwenye kioo cha mashine, mweusi, mkubwa kama limau. Daktari akabonyeza kitufe cha rangi.

"Wekundu mtakaouona ni damu inayopita," daktari alisema. "Ikijaa katikati ya uvimbe, nitahofia saratani. Isipoingia, tutazidi kuuangalia tu."

"Wifi, unanivunja kidole cha mguu."

"Nyamaza, naangalia!"

Wekundu ukawaka ukingoni mwa uvimbe, ukatulia. Daktari akakisogeza kifaa taratibu kuelekea katikati.