Barua Iliyomezwa

Kompyuta iliganda tena, ikaimeza barua pepe ya Mwanaidi.

"Dada, programu hii ya kuandikia haipatani kabisa na barua pepe," fundi Shomvi alisema akijifuta jasho. "Nimeitoa nikairudisha, wapi! Andika humu kwenye kisanduku cha kawaida."

Asubuhi Mwanaidi alikuwa amemwaga yote kwenye barua hiyo: mazishi ya mama, maneno ya mdogo wake Tausi siku ile, miaka ya kununiana. Kila alipoandika upya, lawama zilipungua. Sasa mabega yanamuuma na hasira yenyewe imechoka. Akaandika: "Mdogo wangu, umekula?"

"Nijaribu tena kuitengeneza ile programu?"

"Iache tu, fundi."

Akabonyeza kutuma, akabaki akiitazama skrini kama mtu aliyepiga hodi mlangoni.