Shangazi Yake Chaki

Tik, tik, tik. Jogoo hata hajawika, na gurudumu la cherehani lilikuwa linazunguka. Mshonaji alilizungusha kwa mkono, hakukanyaga, ili asimwamshe mchukuzi wa mizigo aliyelala chumba cha pili. Lakini ukuta ulikuwa mwembamba. Ukipiga chafya huku, unaombewa afya kule.

"Fundi," sauti ya mchukuzi ikapenya, "hiyo mashine yako haina usingizi?"

"Niwie radhi, jirani. Umebaki mkono mmoja tu. Chaki anahutubia leo."

"Basi shona. Umwambie mwalimu wetu akihitimu aanze na mimi. Jina langu mwenyewe naliona kama njia ya mchwa."

Mshonaji alicheka kimya kimya. Gauni lilikuwa la kijani, lenye kola nyeupe. Hakuwa na vipimo. Alikata kitambaa kwa kuyakumbuka tu yale mabega ambayo hakuwa ameyaona mwaka mzima.

Chaki lilikuwa jina la utani. Tangu utotoni, binti yule aliokota vipande vya chaki shuleni, akaja kufundisha kuku uani, na kuku asiyetulia alikemewa kweli kweli. Sasa alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu, kwa ufadhili. Ufadhili wenyewe ulikuwa wa yatima waliofiwa na baba na mama. Leo wafadhili walikuwa wanakuja kumsikiliza kila mwanafunzi, waamue nani aendelee miaka miwili iliyobaki. Chaki asipopita, atarudi kwa kuku wake.

Getini kwenye chuo, mlinzi alifungua daftari la wageni.

"Wewe ni nani wake?"

"Shangazi," alisema mshonaji. Akaliandika neno hilo polepole.

Mlinzi alimtazama miguu iliyojaa vumbi, akainuka, akampa kiti chake.

"Pumzika kwanza, mama. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Mlezi wa wanafunzi, mama mnene mwenye sauti ya upole, alikuja na Chaki. Binti alisimama hatua tatu mbali, mikono nyuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Nimerefuka tu."

Gauni lilipovaliwa, halikuhitaji hata pini moja. Mlezi alilizunguka akilitazama.

"Ulimpima lini?"

"Mikono inakumbuka, mwalimu."

"Na jinsi mlivyofanana. Hata kuuma mdomo mnauma upande mmoja."

"Amefuata ukoo wetu," alijibu mshonaji, akainama kuokota uzi ambao haukuwepo.

Ukumbini, mlezi alimketisha mstari wa mbele, kwenye viti vya wazazi. Mshonaji alitaka kukaa nyuma. Mlezi alikataa kwa kumshika mkono tu.

Zamu ya Chaki ilipofika, alisimama wima. Alisema baba yake alikufa yeye akiwa hajaota meno. Alisema mama yake alikuwa akichambua maharage jioni, na kwa maharage yale akamfundisha kujumlisha na kutoa. Mama hakuvuka darasa la tatu, lakini hakuwahi kumwambia mtoto "sijui". Alimwambia, "Tutafute." Ndiyo maana yeye Chaki alitaka kuwa mwalimu, wa watoto ambao nyumbani kwao hakuna wa kuwaambia tutafute.

"Kisha akaugua homa," Chaki alisema. "Siku tatu. Siku ya nne tukamzika."

Mshonaji alikuwa ametazama sakafu, mikono ameibana katikati ya magoti.

Mfadhili mmoja, mzee mwenye miwani, alijisogeza mbele kwenye kiti. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mwanangu, mama amezikwa wapi? Tungependa siku moja twende nawe, tukapande maua kaburini."

Chaki alifungua mdomo. Akaufunga, akamtazama mshonaji. Wafadhili wakatazamana, mmoja akaanza kupekuapekua karatasi zake.

Mshonaji alisimama.

"Samahani, bwana. Mtoto akiulizwa hilo hawezi kusema. Ni kijijini kwetu, mbali sana, gari halifiki. Msijisumbue. Mimi ndiye ninayelitunza."

"Wewe ni nani, mama?"

"Shangazi yake. Nikienda nang'oa majani, nafagia. Nakaa naye kidogo, namweleza mtoto anavyosoma."

Mzee alivua miwani.

"Na yeye anasemaje?"

Mshonaji alifikiri.

"Anasema huko aliko hana shida. Anaomba tu mtoto asikatishwe masomo."

Mzee alifuta miwani yake kwa muda mrefu. Kisha akamwita mwanafunzi aliyefuata. Saa nane mchana majina ya waliopita yalibandikwa ukutani, na la Chaki lilikuwa la pili.

"Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi," mlezi alimwambia mshonaji walipokuwa wakitembea kuelekea getini. "Leo nimeona hata shangazi anaujua."

Alimfungia mkate kwenye karatasi, wa kula njiani. Mshonaji alishukuru, akashindwa kumtazama usoni.

Nje ya geti basi lilikuwa linanguruma. Wanafunzi wengine walikuwa wanaaga wageni wao, na mlinzi alikuwa anachukua saini za kutoka. Chaki alimpa mshonaji mkono, akapiga goti kidogo, kama inavyompasa mtu kwa mgeni wa heshima. Mshonaji akamwinua, na binti akamkumbatia shingoni, mdomo ukiwa sikioni pake.

"Nisamehe, mama, nimekuzika ungali hai," alinong'ona. "Utakuja tena kunitembelea?"