Mama Mkwe wa Ghalani

"Kitendawili," nikamwambia mjukuu wangu, nimemshika kifundo cha mkono.

"Tega, Bibi, lakini chapuchapu."

"Nina mpiga ngoma chumbani. Akilala yeye, nyumba nzima imekufa."

"Moyo." Hata hakucheka.

Kesho yake wangepimwa kwenye ghala wanakofanya kazi, yeye na mjomba wake, ambaye ni kitinda mimba wangu, kwa ile mashine ya kugundua uongo. Dawa za hospitali zilikuwa zimepotea, na atakayeshindwa anafukuzwa. Wafanyakazi wameipa mashine jina la mama mkwe, kwa sababu inasikiliza kila kitu na haiamini chochote. Tangu arudi kutoka kazini mtoto alikuwa hakai wala hasimami, ndipo nikasema basi tufanye mazoezi.

"Umeiba?"

"Sijaiba, Bibi."

Mshipa ukaenda taratibu chini ya vidole vyangu, kama mtu anayerudi sokoni bila haraka.

"Unamjua aliyeiba?"

"Simjui."

Mshipa ukaruka. Ukakimbia, ukajikwaa, ukakimbia tena. Nilipomtazama usoni, macho yake yakaniponyoka, yakaenda kutua mgongoni kwa mjomba wake, aliyekuwa anaosha kikombe. Kikombe kilikuwa kimetakata zamani, naye bado anakisugua.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza bila kugeuka.

Nikauachia mkono wa mtoto, nikavuta kiti kingine karibu yangu.

"Funga bomba, mwanangu," nikasema. "Njoo ukae hapa, unipe mkono."