Vipande Saba vya Tunu

Tunu alikuwa na miaka sita, na asubuhi hiyo alikuwa akipimwa ili aingie darasa la kwanza. Mwalimu Zamzam alimwekea mezani vipande saba vya mbao na ubao wenye matundu, kila kipande na tundu lake. Tunu akafumba macho, akaanza kuvipapasa kimoja kimoja.

“Fumbua macho, mwanangu,” mwalimu alisema.

Akafumbua. Akavitazama vile vipande, mikono ikasita, machozi yakamlengalenga.

Baba yake, Shaweji, kipofu msuka vikapu, alikuwa amekaa karibu na mlango. “Kwani anafanyaje, mwalimu?”

“Anafumba macho, mzee. Anapapasa tu.”

Miaka yote Shaweji aliamini kwamba mtoto yule hakuchukua chochote kwake ila pua.

“Mwache afumbe,” akasema. “Mimi ndivyo ninavyotafuta vitu nyumbani. Sikujua kama huwa ananitazama.”

Tunu akafumba tena. Kipande cha mwisho kilipoingia mahali pake, akacheka.

Mwalimu akavuta fomu. Swali la kwanza liliuliza: Je, mtoto hutazama kwa makini? Kalamu yake ikabaki hewani, kati ya ndiyo na hapana.