Salamu za Garland kila Jumamosi

Velda Strode hakuogopa mizuka, na hilo alimwambia kila aliyekuwa tayari kumsikiliza. Alilala tu na taa zote za nyumba zikiwaka, hata ya jikoni, hata ya bafuni, na ile ya barazani inayotazama mto.

"Garland amekuja tena," alisema Jumamosi ile, akiweka sanduku la donati juu ya kifuniko cha injini.

Wazee waliokuwa gereji wakageuka. Gereji ilikuwa ya Hoyt Mabry, kando ya mto Colorado, upande wa Arizona. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, walikusanyika hapo wenye boti za kizamani za giaboksi ya V: zile ambazo injini hukaa nyuma imegeuzwa kinyume, nguvu ikaenda kwanza mbele kwenye giaboksi, ndipo ikarudi chini ya sakafu hadi kwenye pangaboi. Ufundi wa kuzifunga walikuwa nao vichwani, wakija hapo kumwagiana. Aliyekosea alirekebishwa palepale, na aliyemrekebisha alinenepa kwa majivuno wiki nzima.

"Safari hii kasema nini, shemeji?" Hoyt akauliza, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Kasema pale shafti ya pangaboi inapotokea chini ya boti, mkaze mpaka lisipite hata tone la maji."

"Lo!" Leland Spivey, mkubwa wao kwa umri, akashika kichwa. "Lazima idondoshe kidogo, mama! Ikikauka inaungua. Huko aliko kasahau kila kitu."

"Si wiki iliyopita alitaka tunyooshe shafti boti ikiwa juu ya trela?" akadakia mwingine. "Kana kwamba boti haijipindi ikishaingia majini!"

Wakacheka, lakini kicheko cha chini kwa chini, macho yakikwepa kiti kitupu kando ya mlango. Kilikuwa kiti cha Garland, marehemu mume wa Velda. Hakuna aliyekikalia tangu afe. Hata mbwa wa Hoyt alikizunguka kwa mbali.

Garland alikufa kiangazi cha mwaka juzi, wote wakitazama. Boti yake ilikuwa imeshika kasi, mara pua ikachoma maji upande wa kushoto, ikapinduka, ikakatika vipande. Mwili wake waliuopoa. Sehemu ya nyuma ya boti, pamoja na yale mabamba mawili ya chuma yanayoituliza pua, ilimezwa na tope, na hakuna aliyeiona tena.

Ni Hoyt aliyetoa sababu. "Alilichezea bamba la kushoto mwenyewe," aliwaambia. "Alinipigia kelele wakati anaondoka, anajisifu. Alilichezeaje, sijui. Nilikuwa dukani nanunua barafu. Narudi, yeye anatoka."

Tangu hapo, mtu akifunga kitu ovyo waliambiana, "Umefunga kama Garland." Garland huyo huyo aliyewafundisha nusu ya waliyoyajua! Na sasa mbio za masika, zilizokuwa zikiitwa kwa jina lake, zingeitwa kwa jina la Hoyt. Kibao kilikuwa kimeshapakwa rangi, kimeegemezwa ukutani kikauke.

Velda akakitazama kibao. Kisha akaenda akaketi, polepole, kwenye kiti cha Garland. Mtu mmoja akavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji baridi mgongoni.

"Tumekaa barazani mpaka kumekucha," akasema. "Ananidondoshea maji ya mto kwenye zulia. Leo amenieleza habari za lile bamba."

Hoyt alikuwa anafuta spana. Mkono ukasimama.

"Anasema alilipenyezea kabari chini. Kipande cha mbao."

"Mbao!" Leland nusura adondoshe donati. "Mbao inafura majini, mama, we!"

"Labda mbao nyepesi," akasema mwingine.

"Nyepesi ndiyo inafura zaidi, mjinga wewe."

"Mwaloni," Velda akasema kwa upole. "Aliuchonga kwa kisu. Anasema mjaribu na nyinyi, unakaa vizuri mno."

Gereji ikalipuka. Huyu anasema mwaloni unapasuka, yule anasema mwaloni haupasuki bali unateleza.  Hoyt akaifuta spana ambayo ilikuwa imeshang'aa. Shingo ilianza kumwiva.

"Kwanza aliulowesha kwenye bia," Velda akaongeza.

"Mbao gani, na bia gani, nyie!" Hoyt akafoka. "Bati! Bati la kopo la kahawa, limekunjwa mara mbili, likawekwa chini ya bawaba, basi! Mbao haikai pale hata uipigie magoti!"

Kelele zikakatika. 

Leland akaiweka donati chini. "Hoyt," akasema, "si ulisema hujui alilichezeaje? Hilo bati wewe uliliona wapi?"

Hoyt akatazama spana, akatazama mto, akatazama kiti na aliyekikalia. Uso ulikuwa umempauka, lakini akaulazimisha utabasamu.

"Garland kaniambia," akasema. "Mnadhani anamtembelea Velda peke yake? Hata kwangu anakuja. Alikuja juzi, amelowa vilevile, akanieleza yote."

Velda akamtazama kama anayemwonea huruma.

"Haji, Hoyt," akasema. "Mimi mkewe namwita mwaka wa pili huu, na hajanijia hata siku moja."