Volyumu Moja kwa Wawili

Mzee Shomvi alichomeka hedifoni kwenye amplifaya ya tatu, akasikiliza kwanza bila wimbo, kama alivyofanya kwa zile mbili. Hii haikuvuma.

"Inakubali hedifoni kubwa na ndogo, ina matundu mawili, na bei ni ile uliyonitajia," alisema Nasra, mwenye duka. "Leo utanunua, babu, au umekuja kunikagulia nyaya tu?"

"Nachumbia. Usinikimbize."

Mkewe, Mwanakheri, alikuwa mzito wa kusikia. Redio yake ya jioni ilipenya ukuta wa mbao, na mwenye nyumba, aliyelala upande wa pili, alikwisha kuwaonya: ikisikika tena, wahame. Mzee alitaka waendelee kuisikiliza pamoja, kimyakimya, kila mmoja na hedifoni yake.

Akaweka wimbo, akaongeza sauti mpaka pale Mwanakheri angesikia. Masikio yakamuuma. Akapunguza mpaka pale yeye mwenyewe angestahimili. Hapo mkewe asingeambulia kitu.

"Volyumu ni hiyo moja kwa matundu yote mawili?"

"Hiyo hiyo. Za volyumu mbili huziwezi, babu. Mwachie bibi asikilize, wewe usikilize ukuta."

Mzee hakucheka. Nasra akaanza kuteremsha shata.

"Niwekee mpaka kesho," alisema mzee.

Kabla ya kuzivua hedifoni, alirudisha sauti pale pa mkewe, akajaribu kukaa nayo. Nasra alikuwa anamwambia jambo. Mzee aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga, bila kusikia hata neno moja.