Risasi za Pofu

Hakuna aliyeweza kumdanganya Bi Sikitu katika mji ule, isipokuwa mumewe, na huyo alimdanganya kila siku.

Asubuhi hiyo mumewe, Malugu, alikaa uani akichagua risasi za kumpigia pofu, yule mnyama mkubwa kama fahali. Mkwe wao, Chilewa, ndiye angeingia kichakani kumfukuza mnyama aje mbele ya bunduki.

Malugu alipapasa kila risasi kwa kidole gumba. Zenye ncha ngumu aliweka kushoto. Zenye ncha laini, zile zinazochanua zikishaingia nyamani, akaweka kulia. Muda wote uso wake ulielekea ukutani.

"Baba Nyemo, siku hizi unachagua kwa kidole?" Bi Sikitu alimuuliza mumewe.

"Mazoea tu. Macho haya yanamwona sisimizi akijikuna."

"Na Chilewa utamtofautishaje na pofu huko kichakani?"

"Pofu ana pembe, mama. Mkweo ana masikio tu."

Bi Sikitu hakucheka. Chilewa alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani, akafungua mdomo asalimie, mama mkwe akamnyamazisha kwa mkono.

"Huyo kaja. Hebu niambie, amevaa shati gani?"

Malugu akageuza uso, akatabasamu upande usio na mtu.

"Si lile lake jeupe la kila siku! Linang'aa mno, nitakosaje kuliona?"

Chilewa aliinama akalitazama shati lake. Lilikuwa la kaki, rangi ya pofu mtupu.